Makohozi yaoteshwe mapema

Mhariri,

Hapa Ngamiani, Tanga, mtu akishikwa na kikohozi na homa huanzia duka la dawa: amoksilini nusu dozi, isipomfaa azithromaisini, na hospitali anafikishwa akihema juu juu. Picha ya kifua itaonyesha nimonia, ila haitasema ni bakteria gani wala dawa ipi inammudu. Hilo hujulikana kwa kuotesha makohozi na damu maabara, yaani kuwakuza bakteria waliomo hadi watambulike na kujaribiwa dawa, ikiwezekana kabla ya sindano ya kwanza. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Mahututi hasubiri, huanzishiwa dawa, kisha hubadilishiwa kulingana na majibu.

Wengi tunaiamini mno seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Lakini bakteria aitwaye stafilokokasi, akiwa sugu kwa methisilini (dawa ya jamii ya penisilini), hasikii hata ukiongeza dozi ya seftriaksoni, kwa kuwa ana protini nyingine ambayo dawa hiyo haiishiki vizuri. Hapo panatakiwa vankomaisini au linezolidi, na bei zake si za mvuvi.

Ndugu wa mgonjwa, dawa zikigoma ulizeni: makohozi yameoteshwa? Kifua kikuu kimepimwa? Na wenye maduka, acheni kuuza antibayotiki bila cheti cha daktari, hata mteja akinung'unika.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga