Kidonda cha mama

Wete, Pemba

Sheikh wangu Hamad,

Assalaam aleykum. Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa boti. Unasema kidonda cha mama cha kidarini, pale alipopasuliwa moyo, kilifunga, sasa kimefunguka na kinatoa usaha kidogo kidogo. Na kapewa vidonge kwa mara ya tatu. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Unakumbuka nilivyoanguka mkarafuuni? Kijiti kilinichoma chini ya titi la kushoto, mbavu zinapokutana kwa mbele. Wiki tatu kidonda kikapona. Kisha pakavimba, pakapasuka, pakafunga, na tukaanza upya. Mwaka na ushei! Dukani nikauziwa vidonge vya rangi mbili, zahanati nikapigwa sindano. Siku saba mzima, ya nane usaha ule ule. Bibi akasema kijicho. Mie nikasema dawa bandia. Sote tulikosa.

Daktari wa upasuaji kule Dar ndiye aliyenifumbua macho. Pale mbele ubavu si mfupa tena, ni gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama cha sikioni, na gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika, basi. Dawa husafiri na damu. Pasipo damu itafikaje? Likishakufa ndilo nyumba ya bakteria. Tena magegedu ya mbavu za chini, kuanzia ubavu wa sita hivi, yameshikana, kwa hiyo maradhi hupita kwa jirani bila ya kubisha hodi.

Hawakunipa dawa nyingine kwanza. Walichukua kipande cha nyama kutoka ndani kabisa wakakiotesha maabara kuona bakteria gani wamo, maana usaha wa juu ya ngozi hudanganya, huwa na vijidudu vya kila aina. Wakapima na kifua kikuu, kwani nacho hula mbavu na kutoa jipu lisilo moto. Yangu yakawa ya bakteria waitwao stafilokoka, wasiosikia amoksilini hata chembe. Na mie nilikwishameza makopo! Ndipo wakanipasua, wakatoa gegedu lote bovu mpaka walipofika palipo hai, wakageuza sehemu ya msuli kuziba shimo, maana msuli una damu ya kutosha. Baada ya hapo wiki sita za dawa iliyochaguliwa kwa majibu ya maabara. Kovu langu ni baya, watoto wanaliita tandu.

Sasa mama. Mfupa wake wa kidari ulipasuliwa katikati ukafungwa kwa nyaya za chuma, na bakteria hujenga utando juu ya chuma wakajificha humo. Vidonge peke yake huenda vikamtuliza tu. Muulizeni daktari wake kama usaha wa ndani umeoteshwa, kama amepigwa siti skani, ile picha ya kuona ndani ya kifua, na kama nyaya na mfupa uliokufa vinahitaji kutolewa. Akikohoa akausikia mfupa unacheza au unagonga, au homa ikimpanda, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Na sukari yake ipimwe, maana ikipanda kidonda hakifungi. Namjua mama na kaimati zake.

Jumamosi nnavuka na boti ya asubuhi. Nitakuja na faili langu pamoja na picha zake, umwoneshe daktari akitaka. Mwambie mama mwanawe wa Pemba anamletea asali ya kula, si ya kupaka kidondani.

Ndugu yako,
Juma