Mama, unakula?

Bukavu

Mwanangu,

Shangazi yako alinipigia jana. Anasema chakula chako kinalala mezani kimefunikwa, na ukiulizwa unajibu eti unafunga ili seli zijisafishe. Kwaresima imepita. Sasa unakula au huli?

Ujumbe wako nimeusoma wote. Binti yangu kunifundisha otofajia, huko seli kula vitu vyake yenyewe, mimi niliyemaliza ujana wangu kwenye chaki ya biolojia! Nimejivuna, sikatai. Ila kemia yake umeiruka. Seli haikungoji ufunge ndipo imeng'enye vitu vyake vilivyochakaa; inafanya hivyo kidogo kidogo hata ukiwa umeshiba. Njaa huongeza kasi tu, na amri yenyewe hupitia alama ndogo zinazobandikwa kwenye protini. Chukua ULK1, ile inayoanzisha kazi. Asidi amino, yale matofali ya protini, zikiwa tele, mTOR, kimeng'enya kinachopima shibe ya seli, huibandika alama iitwayo fosfati kwenye serini, tofali la 757 katika mnyororo wake; AMPK, kimeng'enya kinachopima nishati, ikashindwa kuishika, kazi ikalala. Nishati ikipungua, AMPK huibandika fosfati hiyohiyo kwenye serini ya 317 na ya 777, kazi ikaamka. Fosfati ni ileile; mahali ilipokaa ndipo panapogeuza amri. Kwa hilo tungekesha mimi na wewe. Asetili, alama nyingine, nayo ina mambo yake: kimeng'enya p300 huiweka kwenye Atg5 na Atg7, protini za otofajia, kuzuia; njaa ikiingia kimeng'enya SIRT1 huiondoa.

Lakini nambari hizo za serini ni za protini ya panya, mama. Na Ohsumi, yule Mjapani aliyepewa Nobel mwaka 2016 kwa otofajia, alishindisha hamira na njaa. Hamira haina mtihani, wala haigombanii taxi-bus alfajiri. Tena zile alizozikuta zina jeni mbovu za otofajia zilikufa mapema zilipokosa chakula, kwa sababu kazi hii ni ya kuvuka shida. Nyumba iliyoishiwa makala huanza kuchoma kiti kilichovunjika, kesho inatazama meza.

Asubuhi unakula nini? Usiniandikie "kitu kidogo".

Mama yako anasema nazunguka, nikuulize waziwazi: ni seli au ni pesa? Tangu benki za hapa zifungwe mwaka 2025, kutuma ni kwa simu, na makato yanauma. Ya mwezi jana ilichelewa. Ya mwezi huu nusu imeingia kwenye mabati, upepo ulifunua jikoni yote, tungepikia mvuani. Kama ulianza kufunga siku zile, sayansi ukaitafuta baadaye, sema. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Pointi zako za biokemia nimezionyesha hadi kwa fundi wa mabati. Alitikisa kichwa, akaomba malipo yake.

Kuna jirani anakuja huko, nimempa sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na chupa ya mawese. Sambaza zikaange na nyanya, kula na bugali, usigawie chumba kizima kama kawaida yako. Protini utakayokula ndiyo itakayoleta hizo asidi amino. Mdogo wako anadai kalamu yake uliyoondoka nayo. Kuku mwekundu ameacha kutaga, mama yako anataka achinjwe, mimi nasema tungoje.

Nitapiga Jumapili baada ya misa. Nikute umekula.

Papa