Abiria tunalishwa choma kiporo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kwa wenye migahawa ya nyama choma iliyo jirani na uwanja wa ndege hapa Mwanza, hasa mmoja wao. Jina lake naliacha, mwenyewe akisoma atajijua. Mimi nimeuza nyama Igoma tangu ujana wangu mpaka nilipomwachia mwanangu bucha, kwa hiyo nikisema kuhusu kipande cha ng'ombe sibahatishi.

Wakwe zangu walikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wetu. Siku ya kuondoka tukawasindikiza, na tulipofika tukaambiwa ndege imesogezwa hadi alasiri. Mama watoto akasema haiwezekani wageni wapande ndege na njaa, mkwe hasindikizwi na tumbo tupu. Tukaingia kwenye mgahawa huo, wenye bango kubwa la mbavu zinazofuka moshi. Ilikuwa saa sita na nusu mchana na meza karibu zote ziko wazi. Bomba la kunawia lilikuwa kavu, tukamiminiwa maji kwa kopo. Hilo nililimeza.

Mama mkwe ni mtu wa pwani, akaomba sato wa kuchoma. Dada mhudumu akajibu macho yakiwa kwenye simu, "Samaki hakuna." Sangara je? Hakuna. Hata dagaa? Akanitazama kama namtania. Mhariri, pale tulipokaa tulikuwa tunaliona ziwa. Minofu ya sangara wetu inasafirishwa mpaka Ulaya, Mwaloni pale Kirumba samaki na dagaa wanashushwa kutoka visiwani, halafu mgahawa ulio barabara hiyohiyo ya kwenda uwanjani unakosa sato mmoja wa kumwekea mgeni mezani! Mama wa watu akasema basi, atakula nyama.

Tukaagiza kilo mbili, mbavu na mchanganyiko, na nikaomba nundu kama ipo. Ndizi za kuchoma, ugali, kachumbari. Nikamwuliza yule dada kama naweza kwenda kuchagua nyama na kuiona ikipimwa, kama tunavyofanya sehemu zote. Akasema wao wanapima ndani.

Haikupita hata robo saa nyama ikawa mezani. Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kusita. Ng'ombe wetu wa Usukumani ni wa kutembea. Anafuata malisho na maji jua kali, nyama yake imekaza na mafuta yake si mengi. Utamu anao, lakini anataka moto wa taratibu, mkaa ulioshika vizuri na kuanza kuvaa majivu, na mchomaji mwenye subira ya kugeuza na kunyunyiza maji ya chumvi. Mbavu za ng'ombe huyo haziivi kwa robo saa hata ukizitia kwenye tanuri la kuyeyushia chuma. Na nilikuwa nimesikia kitu jikoni kikilia "tii," mlio ule wa maikrowevu.

Nikachukua ubavu mmoja nikauangalia kama ninavyoangalia nyama bucha. Juu ulikuwa na weusi, lakini weusi uliofifia, wenye unyevu kama umetokwa jasho. Mafuta ya pembeni yalikuwa meupe, yameganda katikati na kuyeyuka pembezoni. Mafuta yaliyotoka kwenye wavu sasa hivi huwa na rangi ya dhahabu na yanachuruzika. Nilipoukata, mvuke ulitoka upande mmoja tu, upande wa pili ulikuwa wa baridi. Harufu ya moshi hakuna. Moshi wa choma unatokana na mafuta kudondokea kwenye mkaa, na kama hayakudondoka mbele yako, harufu hiyo huipati. Nilichosikia puani ni harufu ya friji.

Mkwe wangu alitafuna kile kipande chake muda mrefu, akanywa maji, akatafuna tena. Kisha akaniambia kwa ule upole wao wa Tanga, "Mkwe, nyama ni nzuri, ila meno yangu ndiyo yamechoka." Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee yuleyule jioni iliyotangulia alimaliza mguu wa mbuzi nyumbani kwangu na kuuvunja mfupa wake.

Nikanyanyuka nikazunguka nyuma kwenye jiko. Jiko lenyewe zuri, refu, la kujengwa kwa matofali, wavu mnene. Ndani mna majivu ya baridi. Kijana wa kuchoma alikuwa amekaa kwenye ndoo akimenya vitunguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mbona jiko limelala?"

"Tunawasha saa kumi, mzee. Hiyo mliyopewa ilibaki jana usiku. Bosi hataki mkaa uungue mchana, wateja wenyewe wa kuhesabu."

Hakunificha, na ninamshukuru. Kumbe mambo yako hivi: biashara ya choma ni ya jioni, watu wakitoka kazini, bia na mpira. Ndege nyingine zinaondoka asubuhi na mchana. Kinachobaki usiku kinalazwa kwenye friji, na abiria wa mchana ndiye anayekuja kukimaliza. Wenyeji hawawezi kuletewa kitu hicho saa mbili usiku, wangekirudisha jikoni na kesho wasionekane. Abiria hana muda wa kugomba, ana begi mkononi na sikio liko kwenye tangazo la ndege. Akishapanda, kesi imekwisha, na mgahawa unajua.

Kuna na suala la kipimo, ambalo sisi wa bucha haliwezi kutupita. Mizani ya bucha inakaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na ole wako ukikutwa nayo haina alama. Kwenye choma, desturi ni mteja kulipia uzito wa nyama mbichi. Sote tunajua ikiiva inapungua, robo mpaka theluthi inakwenda na maji na mafuta, na hakuna anayelalamika kwa sababu ameiona ikipimwa. Sasa nyama iliyochomwa jana na kupashwa leo ilipimwa lini, na nani aliiona? Kwa mkono wangu, sinia lile lote halikufika kilo, pamoja na mifupa. Nundu sikuiona hata kwa dawa.

Bili ikaja imeandikwa kwenye kikaratasi cha daftari: nyama 36,000, ndizi 4,000, ugali 2,000, soda na maji 6,000, kachumbari 2,000, ndimu 500. Jumla 50,500. Kachumbari kulipiwa peke yake ni jambo geni kwangu, tena yenyewe vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kuchachuka. Lakini ndimu! Nusu ndimu, kavu, ya shilingi mia tano. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu sheria inamtaka muuzaji atoe na mnunuzi adai. Nikaambiwa mashine ina tatizo la mtandao. Nikatoa 55,000. Chenji ikaenda kutafutwa.

Sisemi kiporo ni dhambi. Choma iliyolala nyumbani kwangu hatuitupi, mama watoto anaikatakata anaitia makange, nyanya, hoho, vitunguu na ndimu nyingi, na watoto wanagombania. Mwenye mgahawa angeiuza hivyo mchana, kwa jina hilo na bei yake, ningekuwa mteja wa kwanza. Au aandike ubaoni kwamba choma inaanza saa kumi jioni, mchana awe na supu na wali. Na kama hawezi kuwaacha abiria bila choma, mishkaki ipo. Vipande vidogo vya sarara vilivyolazwa kwenye tangawizi na ndimu vinaiva upesi kwenye jiko dogo la mkaa, hakuna haja ya kuwasha lile refu. Sato naye, akipasuliwa mgongoni na kupigwa mistari ya kisu, hachelewi kama mbavu. Vitu hivi mama lishe wa Kirumba wanavifanya kila siku bila bango wala kiyoyozi.

Maofisa afya wa manispaa nao wapite mchana, wasisubiri jioni jiko likiwa linawaka. Wafungue friji waulize kila sinia limelala humo tangu lini.

Wakwe walifika Tanga salama, na mzee amenipigia simu kuulizia mjukuu. Nyama hakuitaja, na kwa jinsi ninavyomfahamu hataitaja kamwe. Mimi nasubiri waje tena, na safari hiyo tutawafungia chakula cha njiani kutoka nyumbani.

Ile chenji yangu ya 4,500 haikuletwa mpaka tunaondoka. Mwenye mgahawa asihangaike kunitafuta, ampe yule kijana wa vitunguu.

Mwenye bucha mstaafu,
Igoma, Mwanza