Sahani za bibi zisiuzwe

Quanzhou, Uchina, Ijumaa jioni

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalam alaykum. Una haki ya kuninunia, miezi mitatu kimya na Idi nayo ikapita. Mitihani ilinibana, kisha homa ikanilaza wiki nzima. Sasa mzima, alhamdulillahi. Mwambie mama tende alizompa Salma zimefika zote.

Ule ujumbe wako wa sauti wa jana nimeusikiliza mara nne. Kwamba Ami Athman amepata mnunuzi wa sahani za bibi, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zitazibwa kwa saruji ili chumba kipangishwe wageni! Sikupata usingizi. Leo nilipotoka kuswali nikasema barua hii haingoji kesho.

Hebu nikueleze nilipotoka. Msikiti wa Qingjing uko katikati ya mji, barabarani kabisa. Lango lake ni la mawe, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa humo yanasema ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009 au 1010 Miladi, kisha ukatengenezwa mwaka 710 wa Hijria na Ahmad, mtu wa Shiraz kule Uajemi. Shiraz, Mwanakombo! Nilisimama pale nikawakumbuka wazee wetu na hadithi zao za majahazi. Ukumbi wa zamani wa swala hauna paa tena, nguzo zimebaki juani. Lakini ukutani upande wa kibla kuna vishubaka vya upinde, ndani yake aya za Qur'ani zimechongwa kwenye jiwe. Nilipitisha mkono pembeni mwa kimoja, nikahisi niko chumbani kwa bibi. Umbo ni lile lile la zidaka.

Na mji huu Waarabu waliuita Zaitun. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alifika na hapa baadaye, akaisifu bandari kwa wingi wa merikebu. Mwaka 1974 walifukua moja kwenye tope la ghuba, ya zama za Song, wafalme wa kale wa Uchina, tumbo lake limegawanywa vyumba 13. Ndani mlikuwa na ubani, pilipili manga, ambari, magamba ya kasa. Ubani, kama wa chetezo cha mama.

Lakini narudi kwa Ami, maana ndiye aliyenikosesha usingizi. Hapa palikuwa na mwalimu wa shule, Wu Wenliang. Karne iliyopita ukuta wa mji ulipobomolewa, ndani yake yakatokea mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kiarabu, mengine yana misalaba, mengine nakshi za Kihindu. Watu wakayaona ni mawe tu ya kujengea. Yeye akawa anayatafuta na kuyanunua kwa pesa zake, moja moja, miaka na miaka, mwishowe akayatoa yote kwa umma. Leo yako kwenye makumbusho ya bahari, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji kwenye urithi wa dunia. Nilisoma jiwe moja la kaburi la Mwislamu aliyefia ugenini, nikamsomea Fatiha. Bila yule mwalimu jiwe lile lingekuwa kizingiti cha mtu.

Basi nakuomba, mzuie Ami. Ile sahani ya kijani yenye samaki wawili, ambayo bibi hakuruhusu tuiguse, nimeona mfano wake kwenye kabati la kioo hapa. Za namna ile zilichomwa Longquan, huku huku Uchina, na kusafirishwa kwa bandari kama hii. Mnunuzi atampa fedha ya mwezi mmoja, halafu haitaonekana tena Lamu. Kama shida ni ujira wa fundi, nina akiba kidogo, nitatuma. Nasema kweli.

Ameshapokea malipo ya awali, au ni maneno tu? Nani mwingine nyumbani anajua? Mzee Bwanaheri ungemweleza, si Ami humsikiliza? Sahani zimebaki ngapi, na ile iliyopasuka ukingo bado ipo? Waweza kuzigeuza kimya kimya unipigie picha za chini, kwenye kitako? Na saruji, wameshaanza kuchanganya?

Nijibu usiku huu huu, hata saa nane. Sijalala.

Akupendaye,
Zainabu