Picha za nyuso, Jumamosi

Asalaam aleikum wapiga picha. Tukutane Jaws Corner, pale baraza ya kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, saa 10 alasiri. Msije mapema: jua la mchana linafanya macho ya watu kama mashimo.

Zoezi ni sura tatu, hali tatu za moyo. Na isiwe ile ya "cheka kidogo, mzee". Juzi nilimpiga muuza kahawa picha 20, zote kakaza shingo kama anapigwa za kitambulisho. Nikashusha kamera, nikanunua kikombe na kashata. Mara mwenzake akafungwa kwenye mchezo wa dhumna, mdomo wa mzee ukapinda upande mmoja, kicheko amekibana. Hiyo ndiyo niliyoondoka nayo.

Kwa hiyo ketini kwanza, ombeni ruhusa. Akikataa, basi, na kina mama msiwavizie. Lenzi ya milimita 50 au simu inatosha; mtu akae kivulini mlangoni, uso auelekeze nje kwenye mwanga, nanyi lengeni jicho lililo karibu.

Tukimaliza tutapita Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930, tukatazame picha zao za kale.

Asiye na kamera aniambie kabla ya Ijumaa. Ninayo moja ya kuazimisha, betri yake tu ndiyo mbovu.