Swali likigoma liache: barua ya wazi kwa vijana wangu wa Moshi na Arusha mnaokwenda kupiga pepa ya GMAT

Wanangu na wajukuu zangu,

Hamjambo wote. Nawaandikia nikiwa hapa barazani, mtaa wetu wa Soweto hapa Moshi, mvua inanyesha tangu alfajiri na mlima hauonekani kabisa, nikasema ngoja niandike leo leo maana wawili wenu mna pepa ya GMAT, ule mtihani wa kompyuta wa kuombea vyuo vya biashara, wiki ijayo na wengine mnafuata. Kila Jumamosi tukikaa naona mnaongea fomula tu, fomula na yale maswali magumu ya intaneti, hakuna anayeongelea siku yenyewe. Msuli mmepiga, hilo sina wasiwasi nalo, nimewaona wenyewe mnatoka kazini mmechoka na bado mnafungua madaftari. Ninachoogopa ni kingine na nimeshindwa kulala vizuri kwa ajili yake.

Ngoja niwaambie kilichonikuta mimi. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 22, nikapanda treni hapa Moshi kwenda Dar kufanya mtihani wa kujiunga na chuo kimoja cha biashara, nafasi chache watu wengi. Nimefika asubuhi ile ile, sijalala, nikaenda moja kwa moja mtihanini na begi langu. Maswali matatu ya kwanza nikayapiga. La nne likawa la tangi la maji, mabomba mawili yanajaza na la tatu linatoa, uliza litajaa baada ya saa ngapi. Jamani, hesabu hizo nilikuwa nawafundisha wenzangu! Nikafanya, jibu halimo kwenye yale manne. Nikafuta nikaanza upya, halimo. Nikajiambia hapana, hili nalijua, siwezi kuliacha. Msimamizi aliposema imebaki nusu saa ndo nikainua kichwa nikaona karatasi ina kurasa nne na mimi bado niko ukurasa wa kwanza.

Sikupata nafasi. Barua ikaja kwa posta, baba akaisoma akaikunja akaiweka mfukoni, hakusema neno.

Kwa hiyo nawaambia kitu ambacho hamtakiona kwenye video zenu: swali usilolijua kabisa halikuumizi, unabahatisha unapita. Linalokumaliza ni lile unaloona umebakiza hatua moja tu, hatua moja, hatua moja, na dakika sita zimeenda. Nyie mnaosoma sana ndo mko kwenye hatari zaidi, kwa sababu maswali mnayodhani mnayajua ni mengi.

Baadaye nikapata kazi ya ukarani kwa wanunuzi wa kahawa na huko ndo nikafundishwa dawa yake. Mnada wa kahawa hapa Moshi enzi zile kila mnunuzi ana katalogi, loti zimepangwa kwa namba na gredi, AA, A, B, PB, na kahawa yenyewe wameshaionja siku za nyuma kwenye sampo. Bosi wangu usiku wa kabla ya mnada alikuwa anakaa na penseli, kila loti anaiandikia pembeni bei yake ya mwisho, dola ngapi kwa kilo 50. Siku ya mnada mimi nakaa nyuma yake na daftari nahesabu hela iliyobaki. Bei ikivuka ile ya penseli, hata kwa dola moja, anafunua ukurasa. Nilikuwa naumia, kuna kahawa nyingine namwona kabisa anaitamani, lakini anafunua. Sasa meza ya jirani alikuwepo kijana mmoja wa kampuni nyingine, siku moja akaipenda loti moja ya AA, akapandisha, mwenzake akapandisha, akapandisha tena, akaipata na watu wakamwangalia. Kufika katikati ya mnada hela imekwisha, zikapita loti nzuri za bei ya chini kabisa yeye amekaa na katalogi imefungwa magotini.

Sasa hela yenu nyie kwenye ile pepa ni dakika 45. Sehemu ziko tatu na kila moja ina dakika zake 45: Hesabu maswali 21, Lugha maswali 23, na ile ya kuchambua Data maswali 20. Piga mahesabu, ni kama dakika mbili kila swali, Lugha pungufu kidogo na Data zaidi kidogo. Bei yako ya penseli ni dakika mbili na nusu, na kama kweli unaliona jibu linakuja, tatu. Ikifika tatu chagua jibu, yoyote uliyobaki nayo baada ya kufuta yale ya uongo, bonyeza, nenda. Huwezi kuruka bila kujibu, kompyuta haikuruhusu, kwa hiyo jibu uondoke. Na msisahau kuwa ukimaliza muda na maswali hujayafikia unakatwa vibaya kuliko kuyajibu ukakosa, kwa hiyo lile swali moja ulilokomaa nalo dakika saba limekula matatu ya mwisho ambayo pengine yalikuwa mepesi.

Na usiangalie saa kila swali utachanganyikiwa. Saa ya pale inahesabu kurudi nyuma, kwa Hesabu ni rahisi kukumbuka: ikisoma 30 uwe umemaliza maswali 7, ikisoma 15 uwe umemaliza 14. Basi. Lugha ni 8 halafu 15 au 16, Data ni 7 halafu 13 au 14. Ukijikuta nyuma kwa maswali mawili usianze kukimbiza yote, utakosa hata unayoyaweza, chagua mawili yanayoonekana marefu uyabahatishe haraka, umeshalipa deni, endelea na mwendo wako.

Ile alama ya kuweka kwenye swali ili ulirudie, mnaipenda sana naona, lakini kumbukeni mwisho wa sehemu unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu na ni kama muda umebaki. Mtu anaweka alama kwenye maswali kumi, atarudia yapi? Weka kwenye matatu au manne ambayo unajua kabisa ukipata dakika moja zaidi utalipata. Yale uliyobahatisha kwa sababu hujui, achana nayo, dakika moja haitakufundisha.

Kuna mmoja wenu, hatajwi lakini anajijua, aliniambia kwenye mazoezi akiona swali limekuwa jepesi anaogopa, anasema nimekosa la nyuma ndo maana kompyuta imenishushia. Mwanangu acha hiyo. Ni kweli mashine inapandisha na kushusha kufuatana na unavyojibu, lakini jepesi kwako linaweza kuwa gumu kwa wengine, na kuna maswali ya majaribio yanachanganywa humo ambayo hayahesabiwi na huyatambui. Wewe uko pale kujibu lililo mbele yako. Wanaopata alama kubwa nao wanakosa maswali, tena kadhaa, mfahamu hilo kabla hamjaingia.

Mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe, kwa hiyo usiende kuuamulia kwenye kiti. Uamue leo na ufanye mazoezi mawili ya mwisho kwa mpangilio huo huo. Mimi naona uanze na ile unayoiweza, upate joto, na ile inayokutisha iwe katikati, lakini hapo kila mtu na tumbo lake. Mapumziko ya dakika 10 yapo mara moja, baada ya sehemu ya kwanza au ya pili, na ni hiari, nawaomba myachukue hata kama mnajiona mna nguvu. Toka, nenda msalani, kula ndizi, kunywa maji kidogo, rudi mapema kwa sababu wanakukagua upya mlangoni, na ukichelewa saa ya sehemu inayofuata inaanza kukimbia wewe uko koridoni.

Kwenye Hesabu hakuna kikokotoo, kwenye Data kipo kwenye skrini. Karatasi ya kawaida hupewi, unapewa kijitabu cha plastiki na maka peni. Hili ni dogo lakini limenisumbua kichwani: mmezoea peni nyembamba na daftari la mistari, ile maka inaandika nene, ukiegemeza mkono inafutika, tarakimu yako moja inakuwa saba. Nimenunua maka nne pale mjini na nimepeleka karatasi kumi zikatiwe plastiki. Tutafanyia mazoezi.

Sasa safari. Wengi wenu mnakwenda Nairobi, wengine Dar. Usisafiri siku ya mtihani, na usiku wa kuamkia usiwe kwenye basi, mimi nimeshawalipia hiyo ada. Wa Nairobi chukueni shato ya asubuhi Arusha siku moja kabla, Namanga siku nyingine foleni inaenda na siku nyingine haiendi, beba na ile kadi ya homa ya manjano usije ukakwamia hapo. Tafuta gesti ambayo unaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha mtihani, jioni ile ile nenda ukaione lango lilipo, ghorofa ya ngapi, lifti inafanya kazi au la. Hii si uoga. Asubuhi yako inakuwa na kitu kimoja pungufu cha kuwaza.

Pasipoti. Angalia leo tarehe ya kuisha. Jina ulilojiandikishia liwe lile lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, sisi huku mtu ana jina la ubatizo, la ukoo, la babu, kwenye cheti yako hivi kwenye NIDA vile, na pale mlangoni hawana muda wa kusikiliza historia ya ukoo. Ukikuta tofauti waandikie wenye mtihani mapema wairekebishe, usiende nayo hivyo hivyo. Uwe umefika nusu saa kabla.

Na saa, jamani saa! Karatasi ikiandika 8:00 AM hiyo ni saa mbili asubuhi. Mnaona ni kitu cha mtoto lakini mtu akiwa na wasiwasi anasoma nane anasikia saa nane mchana, ananyoosha shati taratibu wenzake wako sehemu ya pili. Iandikeni kwa Kiswahili kwa mkono wenu, "saa mbili asubuhi Alhamisi", muibandike ukutani, na mtu mwingine wa nyumbani aisome.

Wale mnaofikiria kufanyia nyumbani kwa mtandao, inaruhusiwa ndio, lakini kwa nyumba zetu hizi mimi roho inasita. Unatakiwa uwe peke yako chumbani mlango umefungwa, meza tupu, kamera inakuangalia muda wote, mtu akiingia hata kuchukua chaja wanaweza kukufungia mtihani. Umeme ukikatika laptopu ina betri sawa, lakini ruta? Kama huna jinsi basi chagua muda ambao mtaa umetulia, ongea na nyumba nzima siku mbili kabla, hasa watoto na wageni wanaopenda kupiga hodi, ruta iwe na betri yake na bando la simu liwe tayari.

Chakula, kula ulichozoea. Usiku wa kuamkia sitaki kusikia mishkaki ya barabarani wala kitu kipya cha Nairobi. Asubuhi mtori kama utaupata, au uji na yai. Kahawa nimeishi nayo maisha yangu yote na naipenda, lakini kama hukuzoea kuinywa asubuhi usianzie siku hiyo, mikono itatetemeka na utakwenda msalani katikati ya sehemu ambapo saa haisimami. Daftari lifungwe saa kumi na mbili jioni. Simu pia, haya makundi yenu usiku wa mtihani yanatumiana maswali ya kutishana tu.

Mwisho wa pepa skrini itakuonyesha alama za awali, kati ya 205 na 805. Yoyote itakayotokea, usipige simu kwa mtu ukiwa bado pale ndani ya jengo. Toka nje kwanza, kaa mahali, kula. Ikiwa haikufika ulipotaka unaweza kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na alama zinaishi miaka mitano. Najua ada ni kubwa na najua nyumba nyingine zimeuza kitu ili mwende. Mama wa mmoja wenu alikuja hapa juzi, akakaa pale pale mnapokaaga, akaniuliza babu atapita kweli? Nikamwambia mtoto amejiandaa, kilichobaki nitaongea naye mwenyewe, na ndo nimeongea.

Jumamosi njooni wote, hata nyie wa Arusha, nauli atakayekosa aniambie bila aibu. Tutapiga Hesabu maswali 21 kwa dakika 45 na maka zile, mimi nashika saa, na kila swali likivuka dakika tatu nitagonga meza na wewe utafunua. Saa tatu asubuhi, yaani 9:00 kwenye simu zenu.

Babu yenu,
Moshi