Festo, Usiumwagie Maji Mwamba

Périgueux, Ufaransa
Jumapili usiku

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kamwene na wote mliopo hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. (Najua Festo anacheka, anasema siku hizi hakuna anayeandika hivyo. Mwache acheke. Sentensi hiyo niliipata kwa fimbo darasa la tano, siwezi kuanza barua bila hiyo.)

Hela ya mabati nimeituma Ijumaa. Baba mdogo aende na fundi mpaka dukani, asimpe pesa mkononi. Mengine ya nyumbani tutaongea kwa simu. Barua hii ina jambo moja tu, na nimeiandika kwa sababu kwenye simu mwanao huyo hunikatisha. Nataka akusomee kwa sauti, nawe Mama umwangalie usoni asiruke mahali.

Haya Festo, hapa ndipo panapokuhusu.

Wiki mbili zilizopita ulirusha video kwenye grupu la familia. Umesimama pale Igeleke, kwenye mwamba wetu wenye michoro ya kale, na wageni watatu, mkononi una chupa kubwa ya maji. Unawaambia, "Angalieni sasa," unaurushia mwamba maji, na wale watu wekundu wanatokeza kama picha iliyotoka studio jana. Wageni wakapiga makofi. Shangazi akaweka vidole gumba vitano. Mimi sikuandika kitu, na usiku ule sikulala vizuri.

Sikuandika kwa sababu mchezo huo mimi niliucheza kabla hujazaliwa. Tukitoka kuchota maji tulikuwa tunapitia pale. Mmoja anamwaga kidogo kutoka kwenye kidumu chake, na wa kwanza kumwona mnyama anabebewa ndoo mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa na macho makali, nimebebewa ndoo nyingi. Na siku moja, Mama, hili hukuwahi kulijua, niliokota kipande cha mkaa pale wachunga mbuzi walipokuwa wameota moto, nikaandika V kubwa chini ya mtu mmoja mwekundu. V ya Vumilia. Niliona kama nimeandikishwa naye kwenye daftari moja.

Sasa niwaambie kilichonikumbusha yote hayo.

Yule bibi ninayemhudumia ametimiza miaka themanini na mmoja. Wanawe walimuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka kupelekwa Montignac, kwenye pango la Lascaux lenye michoro ya watu wa kale. Si mbali na hapa, kwa gari hata saa moja haifiki. Nilikwenda naye mimi, nikisukuma kiti chake cha magurudumu. Njiani akanisimulia kwamba aliwahi kuliingia pango lenyewe, la kweli, alipokuwa na miaka tisa. Darasa zima lilipelekwa. Anakumbuka makoti yaliyolowa mvua, watoto wamebanana kama kwenye daladala ya Ipogolo, na ng'ombe mweusi akipita juu ya kichwa chake. "Tuliingia kama tunaingia sokoni," akasema. Halafu akanyamaza muda mrefu.

Pango hilo liligunduliwa Septemba 1940 na vijana wanne waliokuwa pale kijijini. Marcel Ravidat alikuwa na miaka kama 17 au 18, anajifunza ufundi wa magari. Alipanua tundu kwa kisu, akajipenyeza na taa aliyojitengenezea mwenyewe, wenzake watatu wakamfuata. Ndani wakakuta farasi, paa, na ng'ombe pori wa aina ambayo leo haipo tena duniani, mmoja wao ana urefu wa zaidi ya mita 5. Picha hizo zina miaka kama 17,000, na wapo wataalamu wanaosema ni zaidi. Mmoja wa vijana wale, Jacques Marsal, alipiga hema mlangoni kulinda watu wasiharibu. Festo, kijana wa umri wako, na hakuna aliyemlipa.

Mwaka 1948 likafunguliwa kwa watu wote. Wakajenga ngazi, wakaweka taa, na Ravidat na Marsal wakawa waongozaji wa wageni. Kufikia mwaka 1955 watu 1,200 walikuwa wanaingia kwa siku. Mama, hebu fikiria watu 1,200 wanapita kila siku jikoni kwako, hawagusi kitu, wanapumua tu. Ndicho kilichotokea. Pumzi ya mtu ina joto, ina unyevu, ina hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikichanganyika na maji yanayotona ukutani inageuka asidi dhaifu, inaanza kulila jiwe la chokaa. Mahali pengine chokaa ile ikaganda tena na kuweka utando mweupe. Taa nazo zikaotesha madoa ya kijani, mwani kama ule wa kwenye tangi letu la maji. Picha zilizokaa gizani maelfu na maelfu ya miaka bila shida zilianza kuugua ndani ya miaka 15. Mwaka 1963 waziri wao wa utamaduni, André Malraux, akaamuru mlango ufungwe, na mpaka leo umma haujaingia tena. Hata baada ya kufungwa halikupona sawasawa. Mwaka 2001 likaota kuvu jeupe sakafuni na kutani, wakahangaika nalo miaka.

Kwa hiyo bibi yangu na watoto wenzake waliliumiza lile pango bila kunyanyua hata kidole. Alilijua hilo. Nadhani ndiyo maana alinyamaza.

Tulichokwenda kuona sisi ni nakala. Wametengeneza pango zima upya kandokando ya kilima kile kile, na lilifunguliwa Desemba 2016. Kabla ya hiyo kulikuwa na nakala nyingine ya sehemu ya pango tu, iliyofunguliwa mwaka 1983, mita 200 hivi kutoka pango lenyewe. Mchoraji mmoja mwanamke, Monique Peytral, alitumia miaka akizichora upya picha zile kwa rangi za udongo na mawe kama walizotumia wenyewe. Nami, niwe mkweli, nilikwenda nimenuna. Nilijisemea nimetoka Iringa mpaka Ufaransa kuja kuangalia fotokopi, na tiketi nimekatiwa kwa euro. Nyumbani ninayo ya kweli na naingia bure.

Lakini tulipoingia, baridi ikatupiga kama alfajiri ya Julai pale Kihesa, mwanga ukapungua, na bibi akaanza kulia kimya kimya. Akanyoosha kidole juu: "Ndiye yule." Ng'ombe wake. Nikamuuliza kama haoni kuwa ni wa bandia. Akanijibu kwamba wa kweli anapumzika, na huyu ndiye anayepokea wageni. Nimeifikiria kauli hiyo wiki nzima, hata nikiwa naosha vyombo.

Sasa turudi kwetu. Najua Festo utasema, dada, Igeleke siyo pango lililofungwa, ni mwamba uko wazi, upepo unapita, pumzi ya watu itafanya nini? Hapo una haki. Shida ya Lascaux siyo shida yetu. Yetu ni jua, mvua, moshi wa wachungaji, mbuzi wanaojikuna ukutani, mikono ya watu, na chupa yako. Rangi nyekundu kama ile ni unga wa mawe yenye chuma, umeshika kwenye jiwe kwa muda tusioweza hata kuuhesabu. Ukilirushia jiwe maji, yanaingia kwenye vitundu vyake, yanayeyusha chumvi iliyomo, na yakikauka yanaiacha juu. Mama, ni kama ule ukoko mweupe kwenye birika la maji ya kisima. Kila ukilowesha unaongeza ukoko mwembamba juu ya picha. Ndiyo maana mimi nilikuwa natumia kikombe kimoja na wewe sasa unamaliza chupa. Hujajiuliza kwa nini?

Sikuambii uache kupeleka wageni. Najua hela ile ndiyo imelipa mtihani wako, na najua sabuni na chumvi zinatoka humo. Wala sitaki mwamba ule uwekewe kufuli. Kule Kondoa, kwenye miamba ya michoro ya Kolo ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, bado wapo watu wanaokwenda kuomba mvua na kutafuta tiba, kama walivyofanya wazee wao. Ukimfungia mlango mtu wa namna hiyo umemfukuza kwake. Sisi wa Kihesa hatuombi mvua pale, lakini tumekulia pale.

Ninachotaka ufanye ni hiki. Kuna programu ya picha inayoitwa DStretch. Aliitengeneza Jon Harman kwa ajili ya michoro ya miambani hasa. Inachukua picha ya kawaida na kuzitenganisha rangi zinazofanana mno kwa macho yetu, wekundu uliofifia unaruka mbele. Mjukuu wa bibi aliipitisha humo picha niliyopiga kwa simu mwaka niliosafiri, jiwe likiwa kavu kabisa. Mama, nilishika mdomo. Pale tulipokuwa tunaona doa tu, pana miguu. Miguu ya nani sijui, lakini ni miguu, na kwa maji yote tuliyoyamwaga utotoni hakuna aliyewahi kuiona. Ningejua mapema ningebebewa ndoo mpaka sekondari.

Festo, picha hiyo nimekutumia. Ukaichapishe kubwa pale mjini, uifunike na nailoni, uwe unakwenda nayo. Mgeni asimame mbele ya jiwe kavu, aangalie picha, halafu aangalie jiwe, atafute mwenyewe. Utaona anakaa muda mrefu zaidi ya mgeni wa chupa. Nakala nyingine uipeleke pale Boma, kwenye makumbusho, uwaulize kama wanaihitaji. Na watoto wasiofika Igeleke, maana hata hapo mjini wapo wengi wanaoijua Isimila tu, kule kwenye zana za mawe za kale, wataiona hapo. Ukishika simu, piga na sehemu nyingine, asubuhi au jioni, bila flashi, na kijiti chenye alama za sentimita pembeni ili ukubwa ujulikane. Usikiegemeze kwenye picha.

Mama, na wewe wasemeshe wale vijana wa mbuzi. Mimi wakinisikia kwenye simu watacheka, wewe watakuogopa. Waote moto wao mita chache mbele, upande ule wa mwembe.

Bibi anawasalimia. Nilimwonyesha Igeleke kwenye simu, akaniuliza mlango wake uko wapi. Nikamwambia hauna. Akafurahi, kisha akapata wasiwasi, kisha akataka chai.

Nisalimie Baba mdogo, Shangazi na vidole gumba vyake, na wanyalukolo wote. Mkipata ulanzi mzuri mninywee kikombe kimoja.

Festo, jambo la mwisho. Ukifika pale, inama upande wa kushoto, chini, usawa wa kiuno cha mtoto. Kama V bado ipo, nipigie picha. Usiifute, hata kwa kitambaa kikavu. Yule mtu mwekundu yuko juu yake kidogo tu, utamchukua na yeye.

Mwanao na dada yako,
Vumilia